Kilo Kumi na Tisa za Katalogi

Kwa miaka ishirini na saba, mtu yeyote aliyetaka kupanda treni ya Kindu na mzigo wake alipita kwanza mbele ya Kankolongo, mpimaji wa mizigo. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, abakosti yake, lile koti la kuvaliwa bila tai, imefungwa hadi shingoni hata saa saba ya mchana, na kazini maneno yake yalikuwa matatu tu: "Kilo njo kilo," yaani kilo ni kilo. Mama wa Kailo aje na mchele wake, mchimbaji wa Kampene aje na sanduku lake la mbao, askari aje na mbuzi wake, jibu lilikuwa hilo hilo. Ukizidi, unatoa. Watu walimnung'unikia asubuhi na jioni wakamsifu, maana miaka ile mtu asiyepokea kitu mkononi alikuwa wa kuonyeshwa kwa kidole. Mimi sifa za namna hiyo naziogopa. Zinamfanya mtu aache kujiangalia.

Nyumbani kwake Mikelenge alikuwa na ugonjwa mmoja, au ndivyo mkewe Kanku alivyouita. Alikusanya katalogi za minada ya sarafu za kale. Tafadhali nielewe vizuri, sarafu zenyewe hakuwa na hata moja. Alikuwa na katalogi, vile vitabu ambavyo nyumba za mnada huko Ulaya huvichapisha kabla ya kuuza, vikieleza kila sarafu ni ya mfalme yupi, ya mwaka gani, imechakaa upande upi.

Ugonjwa huo aliambukizwa na Bwana Colpaert, Mbelgiji aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na bandari. Serikali ilipolichukua duka na kumpa mwenyeji, mwaka sabini na nne, Colpaert alifungasha akaondoka. Mizigo yake ilipimwa na Kankolongo kama ya mtu yeyote, ikazidi, na kilichotolewa kilikuwa sanduku moja la bati lililojaa katalogi, nyingine za kabla baba wa mzungu huyo hajazaliwa, pembeni zimeandikwa bei kwa penseli. "Nitunzie," alisema yule mzungu. "Na zitakazokuja, zipokee. Nitaandika." Hakuandika. Lakini katalogi mpya ziliendelea kuja na behewa la posta, nne kila mwaka, zina jina lake. Kankolongo, mtu wa haki, akaandika Brussels kuuliza. Jibu lilichukua miezi minane: bwana huyo amefariki, hana mrithi, na ada yake aliilipa kwa miaka mingi mbele. Kaa nazo.

Akakaa nazo. Mwanzoni alizifungua kwa sababu tu ya picha. Kisha siku moja, amekaa kibarazani, akasoma mstari mmoja ambao ulimkamata na haukumwachia tena. Ilikuwa sarafu ya fedha, na chini yake pameandikwa: gramu 24,87. Alisoma mara mbili. Yeye alipima watu na mali zao kwa kilo, na akibanwa sana kwa nusu kilo. Kumbe duniani kulikuwa na wapimaji wenzake wanaopima mpaka sehemu ya mia ya gramu, na wanaona haya kukosea hapo. Maelezo yaliendelea kusema kwamba sarafu hiyo ilipotoka kiwandani ilikuwa gramu ishirini na tano kamili. Kilichopungua kilichukuliwa na vidole vya watu, kidogo kidogo, kwa miaka mia moja ya kupokezana. Alimsomea Kanku mstari huo kwa furaha ya kweli. Kanku alikuwa anachambua sombe, yale majani ya mihogo, akamjibu kwamba hata yeye amepungua na hakuna aliyemwandika kitabuni.

Bahasha za katalogi hakuwahi kuzitupa, na tangu siku hiyo alizichunga zaidi, kwa sababu posta ya kule ilikuwa imegonga uzito juu ya kila moja: gramu 418, gramu 436, gramu 445. Uzito huo aliuandika katika daftari la shule. Za kale za Colpaert alizitunza kwa heshima, lakini nyingi hazikuandika uzito wa sarafu, na moyo wake haukuwa huko. Moyo wake ulikuwa kwa hizi alizozipokea mwenyewe, na ilipofika mwaka themanini na sita zilikuwa arobaini na nne, hakuna hata moja iliyopotea.

Mwaka huo akastaafu. Safari ya kurudi kwao Kasai, Mwene-Ditu, ilipangwa mwisho wa Agosti, kwa njia ya Kibombo, Kabalo na Kamina. Mstaafu alikuwa na haki ya kilo mia nne za mizigo ya nyumba, bila zaidi. Kanku alipoambiwa hivyo aliingia chumbani, akatoka na kitu kirefu kilichovingirishwa katika kitenge cha zamani, akakisimamisha ukutani mbele ya mumewe.

"Muchi kwanza," alisema. "Kisha njo tutaongea ya makaratasi yako."

Kankolongo aliutazama mchi ule. Alikuwa anaujua vizuri. Ulikuwa wa mama mkwe wake, wa mti mgumu, katikati umelainika kwa viganja. Mwaka sabini na saba Jeannette, dada mkubwa wa Kanku, alifiwa na mume wake hapa Kindu, akaamua kurudi Kasai. Miaka ile mabehewa yalikuwa machache na mkubwa wa stesheni alikuwa amekataza kabisa mzigo wa ziada, hata wa kulipia: kilo thelathini kwa kila mtu, basi. Mzigo wa Jeannette ukapanda kwenye mizani mbele ya watu wote. Thelathini na moja na nusu. Watu wakamtazama Kankolongo waone atafanyaje na shemeji yake mwenye kitambaa cheusi kichwani.

"Kilo njo kilo," alisema. "Utoe kitu, semeki."

Jeannette aliangalia vitu vyake, vyungu, nguo za marehemu, akachomoa mchi. Alimkabidhi mwenyewe mkononi. "Basi utatwanga we mwenyewe, semeki," alisema, akapanda treni. Tangu siku ile ilipita miaka tisa bila barua yake kwa nyumba ile, wala salamu ya mdomo, na wasafiri wa Kasai walipita kila mwezi. Kanku hakumlaumu mumewe kwa maneno. Aliuvingirisha mchi, akauweka juu ya kabati, na miaka yote tisa akatwangia mchi wa kununua.

Sasa hebu tuende kwenye mizani. Wiki tatu kabla ya safari, Kankolongo alianza kupeleka vitu stesheni kwa mkokoteni, kidogo kidogo, avipime mwenyewe ili siku yenyewe asiaibike. Kitanda cha chuma, cherehani, magodoro, viti, sahani, mchi. Jumla, mia tatu na themanini. Zilibaki katalogi. Aliweka juu ya mizani kwanza zile arobaini na nne, kila moja ndani ya bahasha yake, akasogeza jiwe la mizani kwenye mkono wa chuma mpaka likatulia. Kilo ishirini. Akaongeza sanduku la Colpaert, arobaini. Mia nne na ishirini yote pamoja. Zimezidi ishirini.

Hilo lilimuuma, lakini si hilo lililomfanya akae chini juu ya gunia. Alikuwa amefungua daftari lake, kwa mazoea tu, akajumlisha zile gramu za posta. Kilo kumi na tisa na gramu ishirini. Akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Kumi na tisa na gramu ishirini.

Alijitetea kwanza, kama mtu yeyote. Karatasi hunywa maji, na hewa ya Maniema ina maji mengi. Akazianika juani siku mbili, akageuza kurasa kama mtu anayeanika mihogo, na majirani wakapita wakiuliza kama anauza. Akazirudisha. Ishirini kasoro kidogo sana. Basi akaenda zahanati kwa Emerance, muuguzi, akaazima kwake chupa ya kioo yenye alama ya lita moja, akachota maji, lita ishirini, akazimimina kwenye pipa alilolipima kwanza likiwa tupu. Lita ya maji ni kilo, mtoto wa shule anajua hivyo. Mizani ikasema ishirini na moja na kitu kidogo.

Kwa hiyo mizani yake ilikuwa inaongeza. Katika kila kilo ishirini ilizosoma, moja haikuwepo. Alipiga hesabu ya mzigo wa shemeji yake pale pale, kichwani, na jibu lilikuja upesi kuliko alivyotaka. Thelathini na moja na nusu ya mizani ile ilikuwa, kwa haki, thelathini kasoro kidogo. Jeannette hakuzidi. Angepanda na mchi wa mama yake.

Alitoka hapo moja kwa moja hadi kwa Nestor, fundi wa karakana aliyestaafu kabla yake, ambaye siku zile alikuwa anafuga bata. Mwaka sabini na tano jiwe la mizani la shaba liliibiwa, na lingine halikuletwa. Nestor ndiye aliyelichonga jipya la chuma, na Kankolongo akakaa naye mchana kutwa akilipunguza kwa tupa mpaka likakubaliana na kipimo walichokuwa nacho, gunia la chumvi lililoandikwa kilo hamsini. Alijivunia kazi ile miaka kumi na moja.

"Nestor, ile gunia ya chumvi," alisema, "unaikumbuka?"

"Naikumbuka. Iliandikwa makumi tano."

"Iliandikwa. Lakini ilikuwa makumi tano?"

Nestor alicheka, kisha akaacha kucheka, akatupia bata wake punje chache. "Ndugu yangu," alisema polepole, "ile asubuhi, mbele we ufike, mi nilitoaka bakuli mbili za chumvi, bibi yangu apikie. Ilikuwa inakosekana kwa soko. Nilisema bakuli mbili ni kitu gani mu gunia muzima."

Wafanyakazi wawili wa reli, walioona kwa macho yao kila siku magunia yanavyofika yamepungua, waliamini maandishi ya gunia. Na mmoja wao alikuwa ndiye aliyelipunguza. Kankolongo alitaka kukasirika na akashindwa, kwa sababu yeye pia, siku ile, aliona mdomo wa gunia umeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine na hakuuliza.

Alimweleza Kanku yote wakati wa chakula. Kanku alisikiliza bila kuacha kula, mpaka habari zilipofika kwa Jeannette. Hapo aliweka tonge chini.

"Na watu wengine?" aliuliza.

"Wengi. Siwezi kuwahesabu."

"Utasema?"

"Nitasema. Siku ya salongo, watu wote watakuwa pale." Kisha uso wake ukafunguka kidogo, maana alikuwa binadamu. "Na unajua, mama, kwa kipimo cha kweli mizigo yetu haizidi. Mia nne na ishirini ya ile mizani njo mia tatu makumi kenda na kenda. Katalogi zote zinaenda."

Kanku alimtazama kwa huruma, namna anavyotazamwa mgonjwa anayeuliza atatoka lini. "Baba Tshibangu," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "miaka kumi na moja mizani ilikuwa muzuri juu ya mizigo ya watu. Leo yako imezidi, njo imeharibika. Nani ataamini?"

Mtu anaweza kuwa na ukweli mkononi na asiweze kuutumia, kwa sababu tu unamfaa yeye mwenyewe. Alikaa kibarazani siku nzima iliyofuata na zile arobaini na nne miguuni, akizifungua moja moja. Alitafuta ile ya gramu 24,87 akaisoma tena. Ilimuuma kama kuachana na mtu, na sioni sababu ya kumficha, machozi yalimtoka. Jioni akazifunga zote kwa kamba, ndani ya bahasha zake.

Jumamosi, salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, ilipokwisha, jukwaa la stesheni limefagiwa na nyimbo za chama zimeimbwa kwa sauti ya watu wenye njaa, mkubwa wa stesheni aliuliza kama kuna mwenye tangazo. Kankolongo alisimama juu ya mizani yenyewe, ili aonekane.

"Ba citoyens," aliwaita raia wenzake, "hii mizani inadanganya. Tangu mwaka makumi saba na tano inaongeza kilo moja kwa kila makumi mbili. Jiwe yake mi njo niliitengenezesha. Wote nilioambia watoe vitu, na walikuwa katika haki yao, naomba musamaha."

Manung'uniko yakaanza. Philomène, mama aliyeuza mchele, akauliza basi kuku wake wawili wa mwaka themanini aliwala nani. Watu wakacheka, lakini si wote. Halafu sauti ikatoka nyuma, kama Kanku alivyosema, karibu neno kwa neno: "Leo yake njo inazidi, eh? Leo njo mizani inaharibika."

"Yangu itapimwa na hii hii," alisema Kankolongo. "Na jiwe hii hii mbaya. Kinachozidi kitabaki hapa."

Akamwita Mukuna, kijana wa miaka thelathini aliyekuwa anachukua nafasi yake, akamwambia apime. Mukuna alipima mzigo wa mkubwa wake mbele ya mtaa mzima huku jasho likimtoka. Mia nne na ishirini. "Kilo njo kilo," alisema Kankolongo mwenyewe, maana Mukuna hakuthubutu, akateremsha lile fungu la katalogi arobaini na nne. Mizani ikatulia kwenye mia nne.

"Hizi ni kilo kumi na tisa," alimwambia Mukuna, akimkabidhi fungu pamoja na daftari. "Si kumi na nane, si makumi mbili. Ulaya walizipima moja moja. Nestor atakutengenezea jiwe ingine, na hizi njo zitakuwa kipimo chako. Kila mwezi uziweke juu. Siku mizani itakataa kusema kumi na tisa, ufunge mulango, usipime muntu."

Mukuna alizishona ndani ya turubai, akaandika 19 kwa rangi nyeupe. Nasikia ziliendelea kukaa pale miaka, chini ya meza, na wapagazi wakajua kwamba ndani yake mna wafalme na hakuna aliyewafungua.

Safari ilichukua siku kumi na mbili, kwa sababu kichwa cha treni kiliharibika Kongolo na kule Kamina behewa lilisahauliwa. Mwene-Ditu, Jeannette alikuja kuwapokea dada yake kwa furaha na shemeji yake kwa mkono baridi. Walipofika uani kwake, Kankolongo hakukubali kukaa. Aliufungua mchi, akampa kwa mikono miwili.

"Semeki," alisema, "siku ile haukuzidi. Mizani ilikuwa inadanganya. Ulikuwa chini ya makumi tatu."

"Najua," alisema Jeannette.

Kankolongo alibaki ameinama.

"Kamina walitupima tena kwa kubadilisha treni," aliendelea Jeannette, akipitisha kiganja chake katikati ya mti pale palipolainika. "Ilisema makumi mbili na nane. Nikaongeza uzito wa muchi kwa kichwa, nikaona makumi tatu. Nikasema, semeki yangu anajua kazi yake, hawezi kukosea. Njo kusema alinifanyia makusudi, watu waone hapendelei hata wa nyumbani kwake."

Miaka tisa Kankolongo alikuwa amejiuliza kwa nini shemeji yake hasamehi kilo moja na nusu. Kumbe Jeannette alikuwa amemwamini kuliko alivyostahili, na imani hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo. Na lililokuwa baya zaidi, Kankolongo alipoitafuta siku ile moyoni, aliiona ilivyokuwa: watu wanatazama, na yeye kifua kimejaa.

"Sikujua kama mizani ni mbaya," alisema. "Lakini kujivuna, nilijivuna. Hiyo ni kweli."

Jeannette akavuta kinu kilichokuwa karibu na jiko, akamimina mahindi ndani yake, akamrudishia mchi.

"Nilikuambia nini pale gare ya Kindu?" aliuliza.

Kwao mwanaume hatwangi, na uani walikuwepo wanawake sita wa jirani. Kankolongo alivua abakosti yake, mara ya kwanza kabisa Kanku kumwona akiivua mbele ya watu, akaitundika kwenye msumari, akashika mchi mahali palipolainika. Pigo la kwanza lilimwaga nusu ya mahindi chini. Wanawake wakacheka mpaka wakashikana, na Jeannette akacheka nao. Aliokota punje moja moja, akazirudisha kinuni, akaendelea kutwanga.